Hela ya utafiti ya chuo kikuu ilivyotufikia akinamama wa mwani Mlingotini, naipa nyota 4

Hamjambo wapendwa. Naona watu wanaandika maoni na kutoa nyota kwa mahoteli, mabasi, mafundi simu, nikasema na mimi niandike kuhusu huduma ambayo wengi hata hatujui kama ni huduma, yani ile ruzuku ambayo chuo kikuu kinampa mhadhiri wake aende akafanye utafiti na kazi za sanaa pamoja na wananchi. Mi ni katibu wa kikundi cha akinamama tunaolima mwani, ile mimea ya baharini, hapa Mlingotini, Bagamoyo, tuko 23, na tumekaa ndani ya mradi wa namna hiyo mwaka mzima na miezi juu, kwaiyo naongea nilichokiona kwa macho yangu. Chuo chenyewe sikitaji maana kuna mahali nitalalamika.

Kwanza mjue tulikotoka. Sisi tumehojiwa mpaka tumechoka. Mlingotini iko karibu na Dar, chuo cha uvuvi Mbegani kiko jirani, magofu ya Kaole hayako mbali, kwaiyo kila msimu lazima aje mtu na dodoso. Anakukuta maji yamekupwa ndo muda wako wa kazi, unaacha kamba zako unakaa chini anakuuliza una watoto wangapi, nyumba ina bati au makuti, unapata shilingi ngapi kwa mwezi, maswali kurasa kumi, ukiinua macho maji yashajaa na siku imekwenda. Anakupa soda anaondoka na hamuonani tena. Bibi mmoja wa kikundi chetu ilifika mahali akiona mtu kabeba faili anasema mwambieni sipo. Na alikua na haki, maana yeye ndo anajua haya maji kuliko mtu yeyote na hajawahi kurudishiwa hata karatasi moja ya alichokisema.

Sasa huyu mhadhiri, sisi tunamwita Dokta, ni mama wa makamo anafundisha sanaa za maonyesho, alikuja na mwenzie wa mambo ya bahari. Siku ya kwanza hakutoa dodoso. Alisalimia wazee mmoja mmoja, shikamoo zote, akakaa kwenye mkeka akatueleza hela imetoka wapi, na hili ndo jambo la kwanza lililonifanya nimuamini maana hakuna aliyewahi kutueleza. Akasema chuo kinatenga fungu lake, kinatoa tangazo, wahadhiri wanaandika maandiko, kamati inasoma inachagua, na fungu hili lina sharti kwamba mhadhiri asifanye peke yake, awe na wananchi anaoshirikiana nao toka kwenye kuandika andiko, na mwisho kitoke kitu ambacho wananchi wenyewe watakiona na kukisikia, iwe igizo, nyimbo, picha, sio makala ya kusomwa na maprofesa wenzie tu. Alafu akafungua bajeti akatusomea. Kwa Kiswahili. Mstari wa posho zetu, mstari wa wapiga ngoma, mstari wa mtumbwi, mstari wa kurudi kuleta majibu. Mwenyekiti wetu akamuuliza, huo wa kurudi umeandikwa kweli? Akaonyeshwa kwa kidole.

Kazi yenyewe ilihusu mwani unavyokufa. Kwa asiyejua, huku tunalima aina mbili, spinosumu na kotonii. Kotonii ndo yenye bei, kinachotolewa ndani yake kinatumika viwandani kugandisha vyakula na vitu vingine, ila haivumilii joto, maji ya kina kifupi yakichemka inapauka inakua nyeupe alafu inakatika, unafika shambani unakuta taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani, zinaning'inia tupu. Spinosumu ina uvumilivu ila bei yake ni ya chini. Visiwani Zanzibar Dokta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya kazi miaka mingi na akinamama kwenye haya haya, mpaka kupanda kotonii kwenye neti za mirija maji ya kina kirefu yasiyopata joto haraka. Lakini kina kirefu kinataka mtumbwi na kinataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wetu hapa tumezaliwa pwani na kuogelea hatujui, nani alikua anamfundisha mtoto wa kike. Kwaiyo swali la Dokta wetu na mwenzie lilikua, ndani ya maji haya haya mnayoyafikia kwa miguu, ni wapi pana ubaridi, na nani anapajua.

Na hapo ndo yule bibi wa "mwambieni sipo" akaanza kuongea. Yeye ana majina ya kila shimo na kila fungu la mchanga humo baharini, majina mengine hata sisi tulikua hatuyajui, anakwambia hapa maji yanapita chini, hapa yanalala, hapa mama yangu alikua anaokota chaza na miguu inaganda. Tukafunga vipima joto kwenye vigingi tukavisoma wenyewe kila bamvua, yani siku za maji makubwa yanayokupwa sana, mimi ndo nilikua naandika kwenye daftari. Yale mashimo ya upande wa mikoko aliyoyataja kweli yakawa na ubaridi kuliko fungu la katikati ambapo wote tunapalilia kwa mazoea. Mtaalamu wa bahari alisema wazi mbele ya watu kwamba bila bibi asingejua pa kuweka vipimo. Tulifurahi sana siku ile.

Upande wa sanaa nitaueleza kwa urefu maana ndo watu huwa wanauona kama mapambo. Dokta alituambia njia hii sio ngeni nchini, mwanzoni mwa miaka ya 80 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya kule Mwanza wakakaa na wanakijiji, wanakijiji wakasema shida zao wenyewe, wakazitungia ngoma na maigizo wenyewe, alafu wakakaa kuzijadili. Na sisi Bagamoyo hatuogopi jukwaa, Chuo cha Sanaa kipo toka 1981, sasa hivi ndo TaSUBa, mtoto wa hapa anakua anasikia ngoma ikipigwa. Kwaiyo tulichukua nyimbo zetu za kufungia taitai, vijana wakaja na ngoma za mdundiko, tukatunga igizo la mama, mnunuzi na mvuvi. Mnunuzi anapima kiroba kwa mizani yake mwenyewe, anasema mwani una mchanga, anakata kilo. Mvuvi anapitisha ngalawa juu ya kamba za watu. Tulicheza ufukweni jioni, watu walikua wengi, na lile igizo halikumalizika, maana ilipofika pale ngalawa inakata kamba mvuvi mmoja wa kweli akasimama akasema mnatusingizia, sisi tupite wapi sasa wakati mashamba yenu yameziba njia yote? Ikawa mjadala mpaka giza. Wiki iliyofuata wavuvi na sisi tulikwenda pamoja maji yakiwa yamekupwa tukaacha njia, tukaweka vigingi virefu na maboya ya madumu pande zote mbili. Ile njia ipo mpaka leo. Ugomvi wa miaka umeisha kwa jioni moja na vigingi, na ofisi zote tulizowahi kupeleka malalamiko hazikuweza.

Mambo mengine walifanya vizuri nayataja haraka. Mikutano yote waliipanga siku za maji mafu, yani maji madogo yasiyokupwa sana, hawakutugusa siku za bamvua, yani walichukua kalenda ya maji kwanza ndo wakaweka tarehe zao. Fomu ya ridhaa ilikua ya Kiswahili na ilisomwa kwa sauti, asiyejua kusoma alieleweshwa na ndugu yake akiwepo. Kuhusu kurekodi nyimbo tuliandikiana kabisa kwamba nyimbo ni za kikundi, nakala inabaki kwetu, na mtu akitaka kuzitumia kwingine aje kwetu kwanza, Dokta akatueleza Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwamba hata sanaa za jadi zina ulinzi wake humo. Na kwenye ripoti ya mwanzo jina la kikundi lilikua nyuma kwenye shukrani, tukasema hapana, maji tumeyaeleza sisi, mashimo kayataja bibi, jina likae mbele. Likahamishwa. Liko kwenye jalada chini ya jina la Dokta.

Sasa lalamiko langu, na nalisema kwa uchungu. Malipo. Hela ya chuo inatoka kwa awamu, mhadhiri anachukua masurufu, yani hela ya kutangulizwa, anatumia, anayarejesha kwa risiti, ndo awamu inayofuata inafunguliwa. Na risiti wanayotaka uhasibu ni ya mashine ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Jamani, mama aliyetupikia wali wa nazi na samaki siku ya igizo mashine ya EFD ataitoa wapi, muuza kuni ataitoa wapi, mwenye mtumbwi je? Waliandika kwenye karatasi, wakasaini, wakaweka na namba za simu, uhasibu ukakataa. Masurufu ya kwanza yakakwama, ya pili hayakutoka, tukakaa miezi 3 watu wanadai. Mpiga ngoma mkubwa, baba wa familia, alikua ananipigia mimi kila asubuhi, dada katibu vipi, na mimi nampigia Dokta, na Dokta anakwenda ofisini anarudishwa. Mwisho baadhi alilipa kwa hela yake ya mfukoni, najua kwa sababu alinitumia kwa simu usiku akaniomba nigawe. Hili silipendi. Chuo kinachosema hela hii ni ya kufanya kazi na wananchi wa kawaida kinajua fika wananchi wa kawaida hawana hizo mashine, kiweke utaratibu wa watu hao toka siku ya kwanza, iwepo fomu inayosainiwa na mtendaji basi ikubalike.

Alafu hela ilipotoka ikaja na kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, asilimia 5 ambayo hakuna aliyetuambia. Mtu kaahidiwa 200,000 anapokea 190,000, anakuangalia wewe katibu kama umemla 10,000 yake. Ilibidi nitembee nyumba kwa nyumba na karatasi ya malipo nawaonyesha. Kodi sio mbaya, ila ungesema mapema.

Na muda nao. Mwaka mmoja ni mdogo. Barua ya kibali inaanzia chuoni inakwenda Kibaha mkoani, inateremka wilayani, inafika kwa mtendaji, mpaka unapata ruhusa ya kukanyaga ufukwe wako mwenyewe kama miezi 4 imekwenda. Mwani wenyewe unachukua wiki 6 mpaka kuvuna na misimu ya upepo wa kusi na kaskazi haiko sawa, ukipima msimu mmoja hujapima kitu. Tuliwaambia hilo wakaliandika.

Kurudi walirudi, na hapa ndo nyota nyingi zinatoka. Walikuja na ramani ya mashimo yote waliyoichora kwenye kitambaa cha marekani, kubwa, majina ya bibi yote yameandikwa kama alivyoyatamka, tumeitundika kwenye banda la kuanikia. Na kitabu kidogo cha Kiswahili chenye picha, kila mwanakikundi nakala yake, na nyimbo kwenye flashi. Akinamama 9 wamehamishia kamba za kotonii upande wa mikoko. Mavuno ya kwanza yametoka meupe kidogo pembeni ila hayakukatika. Tunasubiri msimu wa joto ndo tutajua.

Mwenzangu mmoja wa Tanga mjini, mtu wa taarabu, kaniuliza kama na wao wanaweza kupata kitu kama hiki, wana wazee waliokuwepo enzi za vikundi vya taarabu vya Tanga, Black Star na Lucky Star, na kumbukumbu zinaondoka nao. Nikamwambia inawezekana ila sio wewe unayeomba, anayeomba ni mhadhiri, kwaiyo mtafuteni wa kwenu mkae naye kabla hajaandika. Kikundi kisajiliwe halmashauri, kiwe na akaunti ya benki inayofanya kazi (ya kwetu mmoja wa waweka saini alikua amefariki, tukapoteza wiki 5 kwa hilo tu), mwenye uwezo wa kupata TIN, namba ya mlipakodi, apate. Na siku ya kwanza ombeni kusomewa bajeti, mstari kwa mstari, mkiona mstari wa kurudi haupo msikubali hata kama soda ni za baridi vipi, maana wazee wenu wakishahojiwa bure mara moja hawaongei tena, na sauti zile hazipatikani kwingine.

Nyota 4. Ya tano wamenikosesha uhasibu. Dokta kaniambia anaandika andiko la awamu ya pili, safari hii miaka 2, na kaniomba nikae naye kwenye kuandika sehemu ya malipo. Tunakutana maji mafu yajayo. Mpiga ngoma nimeshamwambia, kasema atakuja, ila alipwe siku ileile aliyopiga, na hilo ndo nitaliandika la kwanza.