Seva imechoka, ununue ipi? Mpangilio wangu kwa biashara za Unguja na Pemba

Wengi wakiingia dukani kununua seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyengine zote za ofisi, wanauliza "ina rami (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ngapi?" basi, wamemaliza. Kama una hoteli Paje au duka la jumla Mlandege na mwakani unataka kufungua tawi Chake, uliza kwanza nafasi tupu: soketi za rami zilobaki ngapi, diski ngapi zinaingia, na inakubali pawa saplai (kile kifaa cha kuilisha umeme) ya pili au haikubali. Nimezipanga kuanzia ninayoipenda zaidi.

1. Dell PowerEdge T350 au inayolingana nayo. Ya kusimama, raki (kabati la kupangia seva) huhitaji. Ukichagua ya diski 8 za mbele, unachomoa na kuchomeka huku kazi inaendelea, na inaingia pawa saplai mbili, moja unaipa UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) hii na nyengine UPS ile. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, Pemba kutoka Tanga, na waliokuwepo mwisho wa 2009 wanakijua kile kiza cha miezi mitatu Unguja, kwa hiyo UPS isihesabiwe mapambo, iingie kwenye bajeti siku hiyo hiyo. Soketi za rami ni 4 tu, mwisho GB 128, sasa muuzaji akikupa GB 32 kwa vijiti vinne vya 8 kataa, maana siku ukitaka kuongeza utavitoa uvifungie kabatini, mwambie akupe viwili vya 16. Diski anza na SSD mbili kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyengine, nafasi zilobaki ziache tupu. Na RAID si bekapu jamani, faili likifutwa limefutwa kote kote.

2. Dell T150 au HPE ML30. Bei nafuu, kwa ofisi ya watu wachache inatosha kabisa. Ila T150 diski 4 zimefungwa ndani kwa waya, ikifa moja unazima seva ndo ubadilishe, na pawa saplai ni hiyo hiyo moja.

3. Dell R730 yuzd, yaani iliokwishatumika. Hii ndo inayowatoa watu udenda: prosesa mbili, soketi za rami 24, bei ya kutupa. Lakini ni toleo la 2014, inavuma kutwa, inakula umeme, na ukiiweka chumba kimoja na karani atakuhama. Halafu laisensi: Windows Server, ile Windows ya seva, inalipiwa kwa kori (viini vya kazi ndani ya prosesa), chini kabisa 16 kwa seva, sasa prosesa mbili za kori 14 unalipia 28, ule unafuu wote umeshaondoka. Kwa mtu wa Linux anaejua kufungua mashine mwenyewe, achukue tu.

4. Klaudi peke yake, yaani seva ya kukodi kwa intaneti. Kwa bukingi za hoteli sawa. Kwa kaunta yenye foleni, intaneti ikikata mauzo yamesimama.

5. Kompyuta ya mezani iliobatizwa seva. Rami yake kwa kawaida haina ECC ya kurekebisha makosa, pawa saplai moja. Hapana.

Jengine, angalia unachowekewa ndani. Windows Server 2012 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2023, ya 2016 inaisha Januari 2027, kwa hiyo ukiambiwa "bosi hii 2016 tunakuwekea bure" ujue wanakupa kazi ya kuhama tena.