Maiki ya kubana kifuani kwa video za biashara Lamu: uzoefu wangu

Nimeitumia maiki hii isiyo na waya kwa miezi minane, kwenye karakana za uchongaji na maduka madogo ya Lamu mjini. Seti ina maiki mbili na kipokezi kimoja cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Niliinunua shilingi 3,200. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, namwambia anunue hii kabla ya taa na kabla ya simu mpya. Picha yenye giza kidogo mteja huivumilia, lakini sauti isiyosikika hufanya aipite video papo hapo.

Mtihani wake ni upepo. Msimu wa kusi, ukiwa Shela ufukweni, ile sponji nyeusi haizuii kitu. Utarudi nyumbani na mvumo mtupu. Kinachofaa ni kifuniko cha manyoya. Hulegea kikadondoka, kwa hivyo kipigie mishono miwili ya uzi kwenye kibanio. Kisha msemaji aupe upepo mgongo, mwili wake uwe ndiyo kinga. Maiki ikae shubiri moja chini ya kidevu, juu ya kanzu na si ndani yake, maana kitambaa kikisugua hutoa mkwaruzo ambao hakuna programu ya kuusafisha vizuri.

Ina kitufe cha kupunguza kelele. Kwenye gati, mashine za boti zikinguruma, kinasaidia, ingawa sauti hutoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Karakanani kizime kabisa! Fundi anapochonga ua kwenye ubao wa mlango, mlio wa patasi kuingia kwenye mbambakofi ndio unaomwonyesha mnunuzi kwamba kazi ni ya mkono, na kitufe hicho huufuta pamoja na kelele. Mimi humbana fundi maiki moja, ya pili naiweka juu ya meza, kama sentimita 30 kutoka patasi. Nyundo ikipigwa kwa nguvu sauti hupasuka, na iliyopasuka haitengenezeki, basi punguza kiwango cha kupokea kabla ya kuanza. Upungufu wa seti hii ni kwamba huchanganya maiki zote mbili kwenye mkondo mmoja: ya meza ikizidi, huwezi kuishusha peke yake baadaye.

Makosa mengine ni ya kuchomeka. Kava nene la simu huzuia kipokezi kisiingie hadi mwisho. Taa inawaka, lakini simu inarekodi kwa maiki yake yenyewe. Simu nyingine za Android zina kamera isiyosoma maiki ya nje hata ukichomeka sawasawa, na hapo utahitaji programu nyingine ya kamera yenye nafasi ya kuchagua maiki. Kipimo changu ni kukwaruza maiki kwa ukucha, kurekodi sekunde tano, kisha kusikiliza. Ukwaruzo usiposikika kwa karibu, usianze. Wenye iPhone wakumbuke kwamba tundu la USB-C, ambalo kipokezi hiki huingia, lilianza na toleo la 15, mwaka 2023. Za kabla yake zina tundu jingine.

Chaji hudumu saa nne hivi kwangu. Chumvi ya bahari imeshaanza kuweka ukijani kwenye zile pini za shaba za kuchajia; nazifuta kwa kitambaa kikavu kila jioni.

Video ikiwa tayari, mtumie mwenye duka kama faili kwenye WhatsApp, si kama video ya kawaida, la sivyo hubanwa ikapoteza ubora. Na bei itajwe kwa mdomo mwanzoni kabisa. Kiti cha enzi, kile cha fahari cha mafundi wa Lamu, kisichotajwa bei huishia kupewa sifa tu.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aifungue. Ibane kifuani, mpe mwenzako simu, tembea hatua kumi huku umempa mgongo na ukihesabu kwa sauti. Mwili huzuia mawimbi. Namba zikikatika njiani, irudishe hapo hapo.