Bulange au Uganda House?

Mgeni akija Kampala na mchana mmoja tu, akitaka kuona siasa ya nchi hii imejengewa nyumba gani, mimi humpandisha boda hadi Bulange, kule Mengo, makao ya ufalme wa Buganda; simpeleki Uganda House.

Bulange ilijengwa miaka ya 1950, enzi za Kabaka (mfalme) Muteesa II, iwe ukumbi wa Lukiiko, baraza la Buganda. Ni jengo refu lililolala, si la kwenda juu. Ukiwa mlangoni, barabara imenyooka mbele yako mpaka lango la Lubiri, ikulu ya Kabaka. Katikati kuna mzunguko wenye njia iliyopasuliwa na kufungwa kwa geti: Kabaka hupita humo moja kwa moja, maana mfalme hazunguki. Sisi wa boda tunazunguka. Baada ya jeshi la serikali kuivamia Lubiri mwaka 1966, wanajeshi walikaa Bulange miaka mingi, na Mengo ikarudishiwa nyumba yake miaka ya 1990. Leo watu huja na kanzu na gomesi kuleta michango ya kijiji, na uani kuna kobe mkubwa ambaye watoto humtazama kuliko mawaziri.

Uganda House, kwenye Kampala Road, ni ghorofa ya mjini. Makao makuu ya UPC, chama cha Rais wa zamani Milton Obote, yamo humo, chini ya mwavuli wa wakfu wenye jina lake, lakini ukipita haraka utaona maduka na ofisi za wapangaji tu. Kwa chama, kodi ya wapangaji hao ni akili. Kwa mgeni wangu, lifti ni lifti.