Uzoefu wangu: barafu kavu ya kuagiza na choya ya Majengo kwenye kokteli ya Mumiani

Moshi ndio ulionifanya niagize barafu kavu. Ofisini tulikuwa tumekubaliana kufanya sherehe ya mavazi ya kutisha usiku wa 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, watu wazima watupu, uani kwa mwenzetu mmoja mtaa wa Kisasa. Mimi nikapewa kazi ya vinywaji. Nilikuwa nimeona video nyingi za glasi zinazofuka moshi mzito mweupe unaomwagika hadi mezani, nikasema wageni wangu ishirini na wawili nao wataona hivyo hivyo hapa Dodoma.

Nianze na hiyo barafu, kwa sababu ndiyo iliyokula pesa. Barafu kavu si maji. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri, na ikipata joto haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa moja kwa moja. Maana yake kila saa inayokaa njiani inapungua, hata kama boksi halijafunguliwa. Niliagiza kilo nne Dar, zikapandishwa basi la usiku. Asubuhi nilipozipima zilikuwa hazifiki kilo mbili. Hilo ningelisamehe, njia ni ndefu na Oktoba ni mwezi wa joto. Ambalo sikulisamehe ni kwamba muuzaji alilizungushia boksi gundi ya plastiki kila upande, bila tundu wala karatasi ya maelekezo. Hewa inayozalishwa humo ndani lazima ipate pa kutokea, la sivyo boksi linaweza kupasuka. Tena kipande kimoja kikigusana na ngozi kinaunguza kama moto, na kikimezwa kinaweza kuharibu koo na tumbo. Mtu anayeuza kitu kama hicho kwa ajili ya vinywaji halafu haandiki hata mstari mmoja wa onyo, mimi kwake sirudi. Fedha niliyompa ingenunua chupa tatu kubwa za Konyagi.

Na moshi wenyewe? Nilijaribu jioni ya Ijumaa nje kwenye baraza. Moshi ule ni mzito kuliko hewa, unataka mahali palipotulia ili utambae chini. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ulipeperusha kila kitu kabla sijaita mtu aje aone. Ndani ya chumba kilichofungwa sikuthubutu, kwa sababu hewa hiyo ikijaa inawanyima watu pumzi. Barafu kavu naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu ilipooza soda vizuri ikiwa chini ya sinia.

Sasa niwaambie kilichoniokoa, maana hicho kinastahili sifa zote.

Nilikuwa na choya ndani, maua makavu mekundu ambayo wengine wanayaita rozela. Nilikuwa nimeyanunua Soko la Majengo kwa ajili ya juisi ya wasiokunywa pombe. Mama aliyeniuzia aliniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, presha inakusumbua?" Nikamwambia, hapana mama, ni ya wageni. Akaniongezea kiganja kimoja. Usiku huo, baada ya kukata tamaa na moshi, nilichemsha choya kwa maji ya bomba, nikashangaa rangi haikuwa nyekundu ya kung'aa niliyoizoea nilipokuwa Morogoro. Ilikuwa inaelekea zambarau. Maji ya hapa ni mazito, ya chumvichumvi, na rangi ya choya ni ya aina inayobadilika kufuatana na uchachu: kwenye ndimu inakuwa nyekundu kama damu, uchachu ukiondolewa inakwenda zambarau iliyokolea hadi karibu na weusi. Mvinyo mwekundu nao una rangi za ukoo huo huo.

Hapo ndipo wazo likaja. Kinywaji kiwe cheusi glasini, halafu mgeni mwenyewe akigeuze kuwa damu.

Jina nikalipata hapo hapo: Mumiani. Kila mtu mzima hapa alitishiwa mumiani utotoni, wale watu wanaonyonya damu usiku, na enzi za ukoloni watu wa Afrika Mashariki waliwahofia hata wazimamoto kwa habari hiyo. Neno lenyewe limetoka Uajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, na watu wa pwani walisema ni damu iliyokauka. Nyeusi kwanza, damu baadaye. Sikutaka mtu avae kama mchawi, albino wala bibi kizee mwenye macho mekundu katika sherehe yetu, na niliwaomba wenzangu hivyo kwenye mwaliko. Kuna watu wameuawa katika nchi hii kwa imani hizo. Mumiani nilimtaka kama hofu ya hadithi za utotoni tu, kwenye glasi, bila mtu yeyote kunyooshewa kidole.

Nilivyofanya: gramu 60 za choya kwa lita 3 za maji ya kunywa ya chupa, kipande cha mdalasini, tangawizi iliyopondwa na sukari gramu 200. Nikachemsha dakika kumi, nikachuja, nikaweka frijini. Kabla tu ya kutoa mezani, nikamimina lita moja kwenye jagi refu na kuongeza bikaboneti ya kuokea keki, kidogo kidogo, isizidi kijiko kimoja cha chai. Jagi liwe refu kweli, kwa sababu linatoa povu na kupanda. Msitumie magadi ya kulainishia maharage, ladha yake inaua kila kitu. Ukiona rangi imeshaingia kwenye zambarau ya giza, acha. Ukizidisha, utaonja chumvi.

Jambo hili nililijua kwa hasara: jagi la kwanza nililitia bikaboneti tangu Ijumaa usiku. Asubuhi lilikuwa na rangi ya matope ya kijani, nikalimwaga lote. Rangi ile haivumilii kukaa bila uchachu. Tia kwa lita moja moja, watu wakiwa tayari wameketi.

Kwenye glasi unaweka toti moja ya Konyagi, kama mililita 30, na nusu glasi ya choya nyeusi. Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi, kwa hiyo toti moja inatosha, na chupa ya mililita 750 inatoa glasi 25. Pembeni kila mgeni anapewa kikombe kidogo chenye mililita 60 za mvinyo mtamu mwekundu wa Dodoma uliochanganywa na maji ya ndimu moja. Taa zikipunguzwa, anamimina. Povu linapanda, weusi unapasuka katikati, na wekundu unashuka chini kama mishipa. Mara ya kwanza uani palitokea ukimya, halafu shangwe, halafu kila mtu akataka kurekodi ya kwake. Uchachu wa choya uliokuwa umepotea nao unarudi kwa ndimu, kwa hiyo ladha inafunguka wakati ule ule rangi inapofunguka. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Barafu kavu ni ya macho tu, haina inachokifanya mdomoni.

Macho ya kutisha ya kuweka glasini tulitengeneza kwa zabibu. Huu ndio mji wa zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na ingawa za mwisho wa msimu zilikuwa chache nilipata kilo moja. Zimenye taratibu, inabaki nyama ile laini yenye mishipa. Chomeka kipande kidogo cha zabibu kavu katikati kiwe mboni, gandisha usiku mzima. Zinapooza kinywaji bila kukitia maji. Kumenya kulinichukua saa moja na nusu na shemeji yangu akinisaidia, na ningefanya tena. Kwenye mdomo wa glasi nilipaka asali ya Singida iliyokorogwa na choya iliyosagwa, kwenye glasi iliyotoka frijini ili ishuke polepole.

Nilijaribu pia unga wa ubuyu badala ya ndimu, ule mweupe wa asili. Unachachuka vizuri na unatoa ukungu wa waridi unaozunguka ndani ya glasi, lakini rangi inapauka na chini inabaki mashapo. Kwa wasiokunywa kilevi niliutumia huo, pamoja na soda ya tangawizi mahali pa mvinyo, na dada mmoja mjamzito alisema glasi yake ilikuwa nzuri kuliko ya mumewe. Huyo, kwa ajili ya ujauzito wake, hakupewa choya, nilimtengenezea kwa juisi ya zabibu. Na wanaomeza dawa za presha niliwaambia mapema kilichomo, kwa sababu choya inasifika kushusha presha.

Kasoro mbili. Kinywaji hiki ni kitamu sana kwa wapenda pombe kavu. Kwao punguza sukari hadi gramu 100. Na utamu huo unaficha kilevi, glasi mbili zinaingia bila mtu kushtuka. Tuliweka kikomo cha glasi mbili na bajaji tatu za kurudisha watu.

Choya ya Majengo nyota tano, Konyagi nne, mvinyo nne.

Jumamosi iliyofuata nilirudi sokoni. Yule mama alinitambua. "Wageni wako walikunywa yote?" Nikamwonyesha video kwenye simu. Aliiangalia mara mbili, akaniambia nimpe namba ya mtu aliyeirekodi ili mwanawe aombe kutumiwa, halafu akaanza kupima kilo ya Krismasi kabla sijasema ninataka kiasi gani.