Miezi mitano na vidude vya kupitisha data kwenye ukuta wa chuma

Mimi ni fundi umeme kwenye meli ya mizigo ya mwambao: Dar es Salaam, Zanzibar, Mtwara. Kero yetu ilikuwa chumba cha omo, yaani mbele ya meli. Maji yakijaa ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, hatujui mpaka mtu ashuke na tochi. Tuliweka sensa, kihisi cha kupima maji, ya Wi-Fi. Mlango ukiwa wazi inashika, ukifungwa kimya, maana chuma huyarudisha mawimbi ya redio. Basi mabaharia wakazoea kuuacha wazi ili sensa isome. Mlango wa kuzuia maji! Jambo hilo lilininyima usingizi. Na ukuta wa chumba kile hautobolewi hivi hivi ili kupitisha kebo. Lazima mkaguzi aridhie, na tundu lizibwe kwa viwango vyake.

Nikanunua jozi ya vidude vya ultrasaundi, yaani sauti nyembamba mno isiyosikika na sikio, kimoja kila upande wa ukuta. Ndani mna kipande cha kauri kinachotetemeka kikipewa umeme. Mtetemo unapita ndani ya chuma, mwenzake anaupokea na kuurudisha kuwa umeme. Chuma kile kile kinachozuia redio hubeba sauti vizuri mno, karibu mita 5,900 kwa sekunde.

Kazi iko kwenye kufunga. Lazima vitazamane sawasawa, kwa hiyo tulipima kutoka kwenye mbavu za meli, kisha kijana wangu akagonga kwa nyundo upande wa pili nami nikahakikisha kwa kiganja. Mara ya kwanza nilivibandika juu ya rangi, kwa kuwa kitabu cha maelekezo hakikusema lolote. Mawasiliano yakawa yanakatika-katika. Nikabandua, nikakuta kutu imevimba chini ya rangi. Nikakwangua, nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikapaka gundi ya epoksi, nikabana kwa sumaku usiku kucha. Tangu hapo mawasiliano hayajakatika hata siku moja, injini ikinguruma au isingurume.

Usinunue kidude hiki kwa ajili ya kamera. Mwangwi hurudi-rudi ndani ya chuma, data za haraka zikavurugana. Kwa kina cha maji na joto kinatosha kabisa. Betri ya upande wa ndani nimebadilisha mara moja. Bei ni kali.

Wiki iliyopita, usiku, tukiwa nje ya kisiwa cha Mafia, kengele ililia kwenye chumba cha usukani: sentimita 12. Pampu ikawashwa, mlango ukiwa umefungwa. Nimeshaagiza jozi ya pili, ya tezi, nyuma ya meli.