Tochi ya kwanza ya kuzamia: tazama mwale kabla ya lumeni

Kwenye boksi, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) ndizo huandikwa kwa herufi kubwa. Upana wa mwale huandikwa pembeni kwa herufi ndogo, na huo ndio utakaoamua kama utaona kitu au hutaona. Maji hayakosi chembechembe. Mwale mpana wa nyuzi 100 au 120, kama wa taa za video, huziangaza zote kwa pamoja, ukabaki na ukungu mweupe mbele ya uso. Mwale mwembamba wa nyuzi 8 hadi 12 hufika mbali, huingia kwenye mianya ya matumbawe, na mwenzako huiona ishara yako bila kukisia: duara la polepole ni shwari, kupunga haraka kushoto na kulia ni dharura. Tochi ya lumeni 1,000 yenye mwale huo ni chaguo zuri kuliko ya 3,000 iliyotawanyika. Hata mchana ina kazi, maana wekundu ndio rangi ya kwanza kumezwa na maji, na mwanga wa tochi huurudisha.

Betri iwe ya lithiamu ya kuchaji, saizi ya 18650 au 21700. Piga hesabu mwenyewe: volti 3.6 mara ampea-saa 3.4 ni kama wati-saa 12, na mwanga wa lumeni 1,000 hula wati 10 hivi. Hapo unapata saa moja na ushei. Boksi likidai saa tatu, soma kipimo: kwa FL1, kiwango cha kupimia tochi, muda huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Gizani, hiyo ni tochi iliyokwisha.

Swichi ya kusukuma yenye sumaku ndiyo bora, kwa kuwa haina tundu linalopenya bodi. Kasoro yake ni mchanga na chumvi kuikwamisha. Ya kuzungusha kichwa ni rahisi kutengeneza, ila ukiilegeza kupita kiasi wakati wa kuzima, maji yanaingia.

Tochi nyingi zinazovuja hazina ubovu wowote. Ni unywele mmoja uliolala juu ya oringi, pete ya mpira inayozuia maji. Chagua yenye oringi mbili. Kila ukifungua, toa oringi kwa kijiti cha plastiki (sindano huikwaruza), ifute, safisha mfereji wake pamoja na hesi (nyuzi za skrubu), kisha paka grisi ya silikoni kidogo tu, ing'ae. Ikirundikana hunasa mchanga. Maji yakiingia, fungua ukiielekeza mbali na uso, kwani gesi huenda imejikusanya ndani, na betri hiyo usiichaji tena.

Nchi kavu usiiwashe tochi kwa nguvu zote, maji ndiyo huipoza. Ukisafiri kwa ndege, toa betri, uziweke kwenye mkoba wa mkononi.

Kwa mbizi za usiku ongeza tochi ndogo ya akiba ya lumeni 300 hivi, ikiwezekana inayotumia betri ya saizi ileile.