Kasha la chai la Canton nililonunua mnadani: kasha zuri, mnada hapana

Kama unawaza kununua kasha la kale la majani ya chai, lile la laka nyeusi lililotengenezwa Canton, Guangzhou ya leo huko China, angalia kwanza makopo ya ndani. Langu nimelipata kwenye mnada wa mtandaoni hapa Uingereza. Makopo yake yote mawili yapo, na hilo peke yake lilinifanya nipandishe dau, maana mengi yanayouzwa huku yamebaki matupu. Ni ya bati lililotiwa nakshi ya maua, kila moja lina kifuniko cha juu na kingine cha ndani chenye kishikio kidogo cha mfupa. Ukikishusha kile cha ndani, unasikia hewa ikijitoa pole pole. Chai ya kunywa siweki humo; bati la zamani la namna hiyo mara nyingi lilichanganywa na risasi, madini yenye sumu.

Nje ndiko kwenye raha. Laka ni utomvu wa mti, hupakwa tabaka juu ya tabaka, kisha fundi huchora kwa unga wa dhahabu. Kwenye kifuniko changu kuna mwanamke bustanini kashika upepeo, na ukimulika kwa tochi ya simu unaona hadi mikunjo ya nguo yake. Wajuzi watakwambia laka ya Canton ya kuuza nje ni nyembamba na ya haraka haraka kuliko ya Japani. Kweli, kingo zangu zimeshabanduka. Lakini ile ilikuwa biashara: kuanzia 1757 hadi 1842 kwa China nzima meli za Ulaya ziliruhusiwa kufanya biashara Canton tu, na kaskazi ikivuma zilitaka kuondoka zimeshapakia.

Lina kitasa na ufunguo wake. Wauzaji hupenda kusema ni kwa sababu chai ilikuwa ghali kama nini. Hili ni la miaka ya 1830 hivi, na Uingereza ilishusha kodi ya chai mwaka 1784, kutoka asilimia 119 hadi 12.5; baadaye kodi ilipanda tena, lakini chai ilishakuwa kinywaji cha watu wa kawaida. Mimi naona kufikia hapo kitasa kilikuwa mbwembwe zaidi.

Sasa mnada. Waliandika “hali nzuri, halijafanyiwa ukarabati.” Kasha linasimama kwa miguu minne iliyochongwa kama makucha ya joka, na mmoja ni wa juzi juzi: mbao nyingine, na “dhahabu” yake ni rangi ya shaba iliyoanza kuingia ukijani. Nikawaandikia. Wakajibu kwa upole kwamba kukagua ni kazi ya mnunuzi. Nikague nini, na picha ya chini hawakuweka? Juu ya hapo wanachukua kamisheni ya robo ya bei, VAT juu ya kamisheni, na usafirishaji unajitegemea.

Ukishalipata, liweke mbali na hita. Nyumba ikipashwa moto wakati wa baridi mbao hunywea, laka hainywei pamoja nazo, basi nyufa zinaanza. Dirishani pia hapana: jua hugeuza ule weusi kuwa kahawia.

Kasha nalipatia nyota nne kati ya tano, moja imeliwa na mguu. Mnada nawapa mbili, na hizo ni kwa ajili ya yule aliyelifunga: limefika bila mkwaruzo, makopo yamezungushiwa kila moja peke yake.